Usizime Mnara Kwa Sababu Una GPS

Leo wasee tuongee ndege. Najua wengi wenu mlinifuata kwa sababu ya siasa za kaunti na bei ya parachichi, lakini vumilieni kidogo. Hii stori iko karibu na sisi kuliko mnavyodhani.

Ukisimama Nyeri mjini asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, upande wa mashariki unaona Mlima Kenya, mita 5,199. Geuka magharibi, kuna Aberdare, na kilele chake cha Satima kinafika mita 4,001. Sisi tuko katikati, kama mita 1,750 hivi juu ya bahari, tumebanwa na kuta mbili za mawe. Ikifika saa nne, mara nyingi kuta zote mbili zimemezwa na mawingu. Ziko pale pale, ila huzioni.

Sasa niambie: rubani anayepita hapo saa nane mchana, mbele yake weupe mtupu kama maziwa, anajuaje mlima uko wapi?

Nimeuliza hili swali vijana kadhaa hapa Nyeri, Karatina mpaka Nanyuki. Jibu huwa ni moja: "Si ana GPS?" Ndiyo, anayo. Lakini hilo jibu linaruka karibu miaka mia ya historia, na ndani ya hiyo historia watu walilipa kwa maisha yao ili tujue tunachojua leo. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: GPS ni kitu kizuri, na inafaa itumike hata kwa viwanja vyetu vidogo huku milimani. Ila yeyote anayesema minara ya zamani sasa izimwe yote kwa sababu kila mtu ana GPS, huyo msee hajafuata hii stori mpaka mwisho.

Tuanze nyumbani. Miaka ya 1920 kulikuwa na mzungu mmoja anaitwa John Carberry, mtu wa ukoo wa kibwanyenye kutoka Ireland, aliyekuwa na shamba la Seremai hapa Nyeri. Alikuwa rubani. Mke wake Maia naye akajifunza kuruka, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kurusha ndege Kenya. Machi 1928 alikuwa angani Nairobi na mwanafunzi wake, ndege ikaanguka, wakafa wote wawili. Binti yake, Juanita, alikuwa hajafika miaka mitatu. Mwaka uliofuata, 1929, Florence Kerr Wilson akaanzisha kampuni ya Wilson Airways. Ukisikia mtu anasema "niko Wilson", jina ni la huyo mama.

Hao watu waliruka kwa macho. Unafuata reli, unafuata mto, unautafuta mlima. Ukikosa cha kufuata, unatumia dira, saa na hesabu: nimeruka upande huu, kwa mwendo huu, kwa dakika hizi, basi lazima niko hapa. Upepo ukikusukuma pembeni bila wewe kujua, hesabu yote imeharibika na hakuna wa kukuambia.

Na bado walifanya maajabu. Carberry huyo huyo wa Seremai ndiye aliyemwazima Beryl Markham ndege yake aina ya Vega Gull, iliyoitwa The Messenger. Septemba 1936, Beryl alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, karibu saa 21 angani, bila redio. Alipofika Kanada mafuta yakakata, ndege ikazama pua kwenye kinamasi huko Nova Scotia. Akatoka akiwa hai. Yaani ndege ya msee wa Nyeri ndiyo iliyoweka hiyo rekodi, na shuleni hakuna aliyewahi kunitajia.

Lakini shida ya kuruka kwa macho ni hiyo hiyo: macho yakizibwa, umekwisha. Miaka ya vita vya Mau Mau, Waingereza walileta ndege za Harvard wakaziweka Mweiga, hapo tu njia ya kwenda Nyahururu. Kutoka Eastleigh zikaja ndege kubwa zaidi, Lincoln, kulipua misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Nguvu zote hizo, na bado wingu likishuka juu ya mianzi, rubani haoni chochote cha kulenga. Babu zetu walijificha ndani ya kitu kile kile ambacho marubani wanakiogopa mpaka leo.

Ukiwa ndani ya wingu kuna kitu kibaya zaidi ya kutoona. Mwili wako unakudanganya. Sikio la ndani ndilo linalokuambia umesimama wima au umeinama, lakini ndege ikipinda polepole, sikio linazoea na kukuambia uko sawa. Rubani anaweza kuapa kwamba anaenda moja kwa moja, kumbe anazunguka akishuka. Ndiyo maana dunia ikaamua: ukiwa ndani ya wingu, usiamini tumbo lako. Amini vyombo. Yaani zile sindano na saa zilizo mbele ya rubani zinazomwonyesha ameinama kiasi gani, yuko juu kiasi gani, anaelekea wapi. Kushuka mpaka uwanjani bila kuona chini, ukifuata hizo sindano tu, ndiko kunaitwa kushuka kwa vyombo. Kuna ramani yake, kuna urefu ambao hauruhusiwi kwenda chini yake, na kuna mahali ambapo kama bado huoni njia ya kutua, unapandisha ndege na kuondoka. Hakuna kujaribu bahati.

Sindano zinahitaji kitu cha kusikiliza, na hapo ndipo minara inaingia. Nitaieleza kwa lugha ya mtaa.

Wa kwanza unaitwa NDB. Ni mnara wa redio unaotangaza pande zote, basi. Ni kama kipaza sauti cha kanisa usiku wa kesha: unajua sauti inatoka upande gani, hujui iko mbali kiasi gani. Sindano kwenye ndege inauelekea ule mnara. Ni rahisi, ni bei nafuu, umedumu. Lakini usiku sindano huyumba, karibu na milima huyumba, na kukiwa na ngurumo sindano inaweza kuacha mnara ikageukia radi. Hebu fikiria. Kifaa cha kukuokoa na mvua kinakuelekeza kwa mvua.

Wa pili ni VOR. Huu ni mjanja zaidi, kwa sababu kila upande wa mnara unapokea ishara tofauti kidogo. Kwa hivyo rubani anajua sio tu mnara uko wapi, bali yeye yuko kwa mstari gani kutoka kwa huo mnara. Ukiongeza kifaa kingine, DME, kinachopima muda ambao mawimbi yanachukua kwenda na kurudi, anapata na umbali. Shida yake? Mawimbi ya VOR huenda moja kwa moja kama tochi. Mlima ukiwa katikati, giza. Na sisi, kama nilivyosema, tumezungukwa na milima.

Wa tatu ni ILS, mfalme wa wote. Kwenye uwanja mkubwa kama wa Nairobi, mihimili miwili ya redio inatumwa angani. Mmoja unamwambia rubani yuko kushoto au kulia kwa njia ya kutua, mwingine unamwambia yuko juu sana au chini sana. Mteremko wake kwa kawaida ni nyuzi 3, yaani unashuka kama futi 300 kwa kila maili ya baharini. ILS ya kawaida inaweza kukufikisha futi 200 kutoka ardhini kabla ulazimike kuona kwa macho. Lakini ni ghali, inahitaji mafundi wa kuipima kila wakati, na kila seti inahudumia upande mmoja tu wa njia moja. Nyaribo hapa Nyeri haina. Uwanja wa raia wa Nanyuki hauna.

Sasa mtu atasema: si basi ILS ikiwepo mambo yameisha? Ngoja nikupeleke Nairobi, tarehe 3 Septemba 1974.

Ndege kubwa aina ya Boeing 747 ya British Airways ilikuwa inakuja kutua. Waongozaji ndege waliiambia ishuke mpaka futi 7,500. Ndani ya ndege wakasikia 5,000. Angalia hiyo hesabu vizuri: uwanja wa Nairobi wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya bahari. Yaani waliweka kwenye vyombo vyao urefu ulio chini ya ardhi, na kuanza kushuka kuelekea huko ndani ya wingu. Vyombo havikuwa vimeharibika. Vilitii. Walipotoka chini ya wingu wakaona ardhi iko hapo tu, wakapandisha. Ndege ilifika kama futi 70 kutoka ardhini, maili kadhaa kabla ya uwanja. Futi 70 ni kama ghorofa la sita au la saba. Hakuna aliyeumia, na wengi waliokuwa ndani bila shaka walidhani ni kutua kwa kawaida.

Hii stori naipenda kwa sababu haina mhalifu na haina kifaa kibovu. Namba moja ilisikika vibaya, na kwa muda ule hakukuwa na kitu cha pili kilichoikataa. Mtu yeyote aliyejiuliza, "Uwanja uko juu kiasi gani kwani?" angeona mara moja kuwa 5,000 haiwezekani. Habari ilikuwepo mbele yao. Ilichokosekana ni kulinganisha.

Kulinganisha. Shikilia hilo neno, maana GPS ndiyo inaingia sasa.

GPS ni mali ya jeshi la Marekani tangu mwanzo. Setilaiti ya kwanza ilirushwa 1978. Halafu tarehe 1 Septemba 1983, ndege ya abiria ya Korean Air, safari namba 007, ilipotea njia yake ikaingia anga ya Muungano wa Sovieti, ikatunguliwa. Watu 269 wakafa. Ndani ya mwezi huo huo, serikali ya rais Ronald Reagan ikatangaza kwamba GPS ikikamilika, ndege za raia za dunia nzima zitaitumia bure. Mfumo ulikamilika kabisa 1995. Lakini hata hapo, Marekani walikuwa wanaharibu kidogo makusudi ile ishara ya raia, isiwe sahihi sana. Hilo liliondolewa Mei 2000 chini ya Bill Clinton. Kwa hivyo ile ramani inayomleta mtu wa boda mpaka mlangoni kwako na chipsi ina mizizi kwenye kaburi la watu 269 na uamuzi wa marais wawili wa nchi nyingine.

Sasa cheki vile marubani walivyoipokea, kwa sababu hapa ndipo kuna somo. Mapema miaka ya 1990, Marekani haikuamka siku moja ikang'oa minara. Ilichofanya ni kuchukua njia za kushuka zilizokuwepo tayari, zile za NDB na VOR, na kuruhusu rubani azifuate kwa GPS. Mwanzoni masharti yalikuwa makali: tumia GPS, lakini mnara wa zamani lazima uwe unafanya kazi, redio yake iwe imewashwa ndani ya ndege, na uwe unaitazama. Sindano mbili, vyanzo viwili. GPS ikisema uko hapa na mnara ukisema hapana, simama ufikirie. Baadaye, imani ilipojengeka, masharti yakalegezwa hatua kwa hatua. Mwishowe zikaja njia za kushuka zilizochorwa kwa ajili ya GPS pekee.

Hata kifaa chenyewe cha GPS cha ndege si kama cha simu yako. Kupata mahali ulipo kunahitaji setilaiti 4. Kifaa cha ndege kinataka ya 5, ili kiweze kugundua kama moja inadanganya, na ya 6 ili kiweze kuitoa hiyo moja na kuendelea. Kikikosa hizo, kinamwambia rubani wazi: usinitegemee sasa. Simu yako haikuambii hivyo. Simu inakuchorea kadoti ka buluu kwa ujasiri wote hata kama haijui iko wapi. Mtu yeyote aliyewahi kupelekwa na ramani ya simu mpaka katikati ya shamba la kahawa huko Othaya akiwa ndani ya probox usiku ananielewa.

Sasa turudi kwa milima yetu, na hapa naomba tuongee kwa heshima.

Tarehe 10 Julai 2003, Marekani iliwasha rasmi WAAS, mfumo unaosahihisha makosa ya GPS kwa kutumia vituo vya ardhini na setilaiti za ziada, mpaka ndege inaweza kushuka karibu kama inafuata ILS bila ILS kuwepo. Mfumo huo ulijengwa kuhudumia anga ya kwao. Siku tisa baadaye, tarehe 19 Julai 2003, ndege ndogo ya kukodi iliyotoka Wilson ikielekea Samburu iligonga Mlima Kenya hapo Point Lenana. Watu 14 wakafa, 12 wakiwa watalii Wamarekani na wawili wafanyakazi wa ndege.

Miaka 15 baadaye, tarehe 5 Juni 2018, ndege aina ya Cessna Caravan ya FlySax ilitoka Kitale kwenda Nairobi. Ikapotea. Wengi wenu mnakumbuka, tulikaa kwa redio na simu tukingoja. Tarehe 7 Juni ikapatikana Aberdare, upande wa Njabini. Wote 10 walikuwa wamekufa.

Sitajifanya mchunguzi wa ajali. Wale wana kazi yao, na familia za waliokufa hazihitaji mtu wa mtandaoni kutoka Nyeri kuwaeleza kilichotokea. Nasema jambo moja tu ambalo kila mtu anaweza kuliona: ajali zote mbili zilitokea dunia ikiwa tayari na GPS. Kuwepo kwa teknolojia duniani na kuwepo kwa usalama juu ya Aberdare ni vitu viwili. Katikati yao kuna ramani zilizochorwa, urefu wa chini uliowekwa, mafunzo, hali ya hewa inayoripotiwa kwa wakati, na mtu wa pili au kifaa cha pili cha kuuliza, "Una uhakika?"

Na GPS yenyewe ina udhaifu ambao kwetu sisi ni mkubwa kuliko kwa wengine. Setilaiti ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi. Mawimbi yakifika hapa chini yamechoka kabisa, ni dhaifu mno. Kabla ya kufika, yanapita kwenye tabaka la juu la anga lililojaa chembe za umeme. Kwenye ukanda wa ikweta, jua likishazama, tabaka hilo huvurugika na kutengeneza kama mapovu. Ishara ya GPS ikipita hapo inatetemeka, na wakati mwingine kifaa kinapoteza setilaiti kadhaa kwa mpigo. Huzidi karibu na Machi na Septemba, na miaka ambayo jua lina nguvu nyingi. Ndiyo moja ya sababu mfumo kama WAAS haunakiliwi tu kutoka Marekani na kubandikwa Afrika. Na sisi tuko wapi? Nanyuki pale watalii wanapiga picha na kibao cha ikweta. Kile kibao ni onyo pia, ukijua kukisoma.

Udhaifu wa pili unatoka kwa binadamu. Ishara dhaifu ni rahisi kuzimwa kwa kelele. Karibu na vita, iwe mashariki ya Mediterania au Bahari ya Baltiki, GPS huzibwa au hudanganywa makusudi, na ndege za abiria zinaingia hapo bila kosa lolote. Aprili 2024, ndege mbili za Finnair zilizokuwa zinaenda Tartu, mji wa Estonia, zilishindwa kutua zikarudi Helsinki kwa sababu GPS ilikuwa imevurugwa. Tartu ilikuwa imebaki na njia za kushuka zinazotegemea GPS. Finnair ikasimamisha safari za huko kwa mwezi mzima. Zilirudi Juni, baada ya uwanja kuandaliwa njia nyingine ya kushuka. Ya nini? DME. Ule mtambo wa ardhini wa kupima umbali, teknolojia ya enzi za babu zetu.

Yaani mji wa Ulaya, nchi inayosifika kwa mambo ya dijitali, ulikatiwa ndege mwezi mzima kwa kukosa kitu ambacho wangeweza kukiita takataka ya zamani.

Najua upande wa pili wa hoja na hauna ujinga. Minara inakula pesa. Vipuri ni vigumu kupata, umeme unapotea, mafundi wanastaafu. Kuweka njia ya kushuka ya GPS kwenye kiwanja kidogo hakuhitaji kujenga mnara wowote hapo. Inahitaji upimaji wa milima na vizuizi, wachoraji wa ramani waliohitimu, na ukaguzi. Kwa kiwanja kama Nyaribo au Nanyuki hiyo ndiyo njia ya akili, na mimi naiunga mkono mia kwa mia. Shirika la usafiri wa anga la kimataifa, ICAO, tangu 2007 limezitaka nchi wanachama zipange njia za kushuka zinazomwongoza rubani pia kwa urefu, sio kushoto na kulia tu. Hilo lingekuwa jambo kubwa mahali penye milima kama petu.

Lakini angalia hata wenye GPS yao wanafanya nini. Marekani inapunguza VOR zake, kweli. Haizimi zote. Wameamua kubakisha mtandao wa kutosha ili ndege ikipoteza GPS popote ndani ya bara lao, iweze kupata uwanja wa kutua usiotegemea GPS ndani ya maili 100 za baharini. Wenye mali hawaiamini mali yao peke yake. Sisi ambao hatuna hata setilaiti moja kwenye huo mfumo tuiamini kwa nini?

Kwa hivyo hivi ndivyo naona. GPS iwe ya kwanza kwa viwanja vidogo, kwa sababu bila hiyo hawana chochote ila macho. Viwanja vikubwa vibaki na ILS na VOR zinazofanya kazi, zinazopimwa, zenye jenereta iliyo na mafuta. Na rubani aliye kati ya hizo mbili awe na mazoea ya kuzilinganisha, kama wale wa miaka ya 1990 walivyolazimishwa.

Nini kinakuhusu wewe, ambaye labda hujawahi kupanda ndege? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, nilikuwa nasoma mambo ya elektroniki, na kitu kimoja nilichotoka nacho ni hiki: vifaa viwili vinavyopata umeme kwenye waya mmoja ni kifaa kimoja. Simu mbili zenye GPS ni GPS moja. Watu kumi kwenye kundi la WhatsApp waliosoma posti moja ni chanzo kimoja cha habari. Kizazi chetu kina skrini nyingi na vyanzo vichache sana. Cucu yangu akitaka kujua mvua inakuja, anaangalia mlima, anasikiza upepo, halafu anauliza redio imesema nini. Vyanzo vitatu visivyojuana. Huyo mama angefaulu mtihani wa rubani.

Na kuna kazi ya kufanya. Msimu wa siasa ukifika, mtu akipanda jukwaani Chaka au Naro Moru akakuahidi kuwekea kaunti uwanja wa ndege wa kisasa, usimpigie makofi kwa sababu ya lami. Lami ni ya picha. Muulize maswali matatu. Mawingu yakiwa chini, ndege itashukaje hapo? GPS ikipotea ikiwa tayari angani, itaenda kutua wapi? Na nani anapima hali ya hewa hapo saa nane mchana, wakati mlima hauonekani?

Akikosa majibu, mwambie ukweli: watu 24 wamebaki kwenye hii milima yetu kwa ajali mbili tu nilizozitaja. Tuna haki ya kuuliza.